Ufito wa Kati

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona aibu kumwambia mtu. Je, ufito wa kati ulikuwa unafifia kweli, au ni macho yangu tu? Nililala chali nikisikiliza mvua kwenye mabati, na katika giza la chumba niliuona ule mstari mwekundu, mara mkali, mara hafifu kama kaa linaloelekea kuwa majivu. Lakini sikuwa nautazama, nilikuwa naukumbuka tu, na hakuna mtu awezaye kupima mwanga wa kitu anachokikumbuka. Hilo nalo likanitia wasiwasi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa umeme, nikarudi nyumbani kwenye vilima vilivyo kati ya Sigowet na Kabianga. Asubuhi nilimsaidia mama kuchuma chai. Jioni nilituma maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa. Pale kwenye kituo cha kununulia majani walikuwa wameshaanza kuniita Injinia, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka, nami sikuweza kutofautisha. Kila nilipoitwa hivyo nilitembea na sauti ya aliyeniita hadi nyumbani, nikiipima.

Kituo chetu ni banda la mabati lililo wazi pande tatu. Majani humwagwa juu ya meza ndefu na kukaguliwa, kisha hurudishwa kwenye gunia, gunia likatundikwa kwenye ndoano ya mizani, na karani wa kiwanda akatoa risiti. Desturi ya hapo ilikuwa kuitikia kilo. Karani akisoma uzito kwa sauti, mwenye gunia huurudia. Kisha anayemfuata kwenye foleni huinama mbele, akatazama kidirisha cha mizani kwa macho yake mwenyewe, naye akarudia. Kilo zikishaitikiwa na wawili, basi ni kilo. Bibi yangu alinifundisha mapema nisiitikie nambari ambayo sijaiona, hata kama mwenye gunia ni yeye.

Hata hivyo foleni ni ndefu, na walio nyuma huwa hawaoni kitu. Huko nyuma ndiko maneno huanzia. Kwetu linalogombanisha watu ni kilo hewa. Karani anampikia rafiki yake kilo ambazo hazimo guniani, lori linafika kiwandani, mzigo unapatikana umepungua, na upungufu ule tunagawana wote, hata ajuza aliyeleta kapu moja. Karani aliyetangulia aliondolewa kwa maneno ya kilo hewa. Hakuna aliyewahi kuonyesha ushahidi. Siku moja watu walimzunguka wakipiga kelele, na kesho yake godoro lake lilipita barabarani likiwa limefungwa juu ya pikipiki.

Aliyekuja baada yake alikuwa kijana aliyenizidi miaka michache. Baba yake alitoka milima ya upande wa magharibi, akaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, akazeekea huko. Yeye alizaliwa hapa na Kikipsigis chake kilikuwa kizuri kuliko changu, lakini watu walikuwa bado wanasema "yule wa kule". Alikuwa amepanga chumba pale sokoni na mkewe na mtoto mchanga. Alikuwa mcheshi. Nadhani alijua kwamba mtu wa kule anapaswa kuwa mcheshi.

Mama yangu alikuwa mwanakamati wa kituo, na wazo lilikuwa lake. Alitaka ubao mkubwa wa nambari za mwanga, utundikwe juu ya kichwa cha karani ukielekea foleni, ili hata wa mwisho kabisa aone kilo za wa kwanza. Kwa njia hiyo kilo hewa zitaisha na hakuna tena karani atakayesingiziwa. Aliusimulia mkutanoni kabla hajaniuliza mimi. Aliporudi aliniambia, "Nimewaambia mtoto wangu amesomea hayo."

Nilikuwa na bodi ndogo iliyobaki kutoka mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Katikati yake kulikuwa na chipu ya aina ambayo hutengenezwa bila kupewa kazi. Inakufikia tupu, nawe ndiye unayeiandikia mantiki yake. Ukiiandikia iwe saa, inakuwa saa. Ukiiandikia isome mizani, inasoma mizani. Mizani ya kituo ilikuwa na tundu nyuma la kutolea nambari kwa waya. Chipu ilizipokea, na kila pini yake, yaani kimguu chake cha kuunganishia waya, ikawasha ufito mmoja, kwa maana nambari za mwanga huundwa kwa fito saba, tatu zikiwa zimelala na nne zikiwa zimesimama. Nilifanikiwa kuliko nilivyotarajia. Pale mezani jikoni, kwa saa nzima, nilitundika viazi kwenye mizani ya kuazima na kutazama nambari zikibadilika.

Tatizo langu lilikuwa kwenye pini. Pini ya chipu kama ile iliundwa kusema, haikuundwa kubeba. Kazi yake ni kuiambia chipu nyingine ndiyo au hapana, na maneno hayo hutumia umeme kidogo mno. Inaweza kuwasha taa moja ndogo ya LED moja kwa moja, mradi uweke rezista ya kuibana isivute umeme kupita kiasi. Zaidi ya hapo unatakiwa uweke transista katikati, ili pini itoe amri tu, na umeme wa kuwasha taa utoke kwenye betri bila kupita ndani ya chipu. Hayo nilifundishwa, na ndiyo yaliyoandikwa kwenye maelezo ya chipu yenyewe.

Nilianza na taa moja kwa kila ufito. Tulipoupeleka ubao kituoni kuujaribu, jua lilikuwa kali, na ajuza mmoja wa jirani, ambaye hapa wote tunamwita Kogo, yaani bibi, akakunja uso.

"Mimi naona macho ya panya," alisema. "Panya wengi."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Njiani aliniuliza kama nambari zinaweza kuwa kubwa kabla ya siku ya kupima inayofuata, kwa sababu ameshawaahidi. Nikaweka taa tatu kwa kila ufito, zote tatu zikining'inia kwenye pini ileile. Transista sikuwa nazo za kutosha, wala nafasi ya kuzipanga, na siku zilikuwa chache. Nilipiga hesabu mara nyingi. Ukiwaza pini moja peke yake, mzigo ulikuwa ukingoni lakini ndani. Ukiziwaza zote zikiwaka pamoja, umeme wote ukirudi kwenye betri kupitia miguu michache ya chipu, nilikuwa nje. Nikajiambia kwamba ni nadra fito zote kuwaka pamoja. Kisha nikakumbuka kuwa nane ni fito zote saba.

Ubao ukapendwa. Tuliuchomeka kwenye betri ya pikipiki, na mwanga ulionekana hadi barabarani. Wachumaji hawakusongamana tena mezani. Walikaa mbali kwenye kivuli cha miti ya grevilea, wakitazama juu kama watu wanaosubiri mpira uanze. Karani aliniuliza kama televisheni yangu inashika pia mechi za Ulaya. Jumapili mama alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili ya kile chombo, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Lakini nililiona jambo ambalo naona hakuna aliyelijali. Watu walikuwa wameacha kuitikia. Karani alisoma uzito kwa sauti siku za mwanzo, kisha akaacha kwa kuwa hakuna aliyemjibu. Mtu wa pili kwenye foleni hakuinama tena kutazama kidirisha. Wote walitazama juu. Na karani, ambaye ubao ulikuwa juu ya kichwa chake ukielekea upande mwingine, ndiye pekee asiyeweza kuuona. Yeye alisoma kidirisha chake. Sisi tulisoma ubao. Hakukuwa na mtu aliyesoma vyote viwili.

Kisha ufito wa kati wa tarakimu ya pili, inayofuata ile ya makumi, ukaanza kunitia shaka.

Nambari nyingi zikikosa ufito wa kati huonekana zimelemaa. Tatu inakuwa ndoana, tano inavunjika, na mtu yeyote atasema ubao umeharibika. Nane ni tofauti. Nane ikikosa ufito wa kati inakuwa sifuri nzima, safi, isiyo na kasoro. Kumi na nane inakuwa kumi. Ubao ungeonyesha kumi mbele ya watu wote, na risiti ya karani ingetoka na kumi na nane, na hiyo hasa ndiyo sura ya kilo hewa. Chombo tulichokiweka ili kumlinda mtu kingesimama juu ya kichwa chake kikimshtaki, bila yeye kukiona.

Nilifanya yote niliyoyaweza, na sikuweza mengi. Niliupiga ubao picha kwa simu, lakini kwenye picha taa zote zilitoka nyeupe. Niliukinga jua kwa kiganja nikaona ufito unawaka vizuri, nikaondoa kiganja nikaona hauwaki vizuri. Nilifungua sanduku la ubao jioni moja baada ya lori kuondoka, nikagusa chipu, nikaikuta ya moto. Lakini jua lilikuwa limelipiga sanduku mchana kutwa, na hata misumari ilikuwa ya moto. Nilimwandikia mwenzangu wa chuo. Alinijibu kwamba niweke transista ama niombe Mungu, na akaweka kikaragosi kinachocheka.

Nilimwambia mama kwamba ubao unapaswa kushushwa kwa muda ili niutengeneze. Alikuwa akichuja maziwa. Aliniuliza kama umeharibika. Nikasema bado. Akaniuliza kama utaharibika lini. Nikasema sijui, labda hautaharibika. Akaniambia wakurugenzi wa kiwanda wamesikia habari na wanakuja siku ya kupima wiki ijayo kuuona, wakitaka vituo vingine viige, na kwamba huenda ikawa njia yangu ya kupata kazi.

"Wewe unafikiria sana," alisema. "Chai haifikiriwi. Inachumwa."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi ndiye niliyewahi kurudi nusu ya njia ya kwenda Soin kwa sababu sikukumbuka kama nilifunga zizi, nikakuta nimelifunga, na kesho yake nikarudi tena. Mtu wa namna hiyo akisema taa inafifia, ni nani atakayemwamini? Hata mimi sikumwamini.

Nilimwambia karani pia. Nilimwambia taratibu, karibu kwa mafumbo matupu, kwamba angerudi kusoma kilo kwa sauti ingekuwa vyema. Akasema sauti yake anaihifadhia mtoto, ambaye halali bila kuimbiwa. Nikasema ubao unaweza kukosea. Akacheka.

"Injinia, huo ubao ndio mlinzi wangu," alisema. "Usimseme vibaya mlinzi wangu."

Baada ya hapo sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Siku ya kupima iliyotangulia ile ya wageni, nilisimama mwisho wa foleni na gunia letu. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda kutoka upande wa Bomet, na mwanga ulikuwa ule wa kijivu ambao hauumizi macho. Kogo akatundika gunia lake. Ubao ukaonyesha kumi. Nikaiona kumi kwa uwazi, kwa muda wa pumzi mbili hivi, na hapo kati hapakuwa na kitu, palikuwa peusi kabisa. Kisha ufito ukatetemeka, ukawaka kidogo, na kumi ikawa kumi na nane. Risiti ikatoka. Karani hakuinua kichwa.

Mwanamke mmoja aliyesimama chini ya grevilea akasema kwa sauti ya utani, "Kumi imeiva ikawa kumi na nane. Karani, na mimi nipikie."

Watu wakacheka, ila hakikuwa kicheko cha siku zote. Kilikuwa kifupi, na mwisho wake watu wawili watatu walitazamana. Karani naye akacheka, kwa kuwa hakujua anachekea nini. Akasema atapika siku atakapoletewa kuni. Kogo akaishika risiti yake karibu na macho, akaigeuza, akaitazama tena, na nikamwona akiogopa kitu ambacho hakukifanya.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini mtu aliye mbele yangu akanisukuma nisogee, na foleni ikasonga, na nambari zilizofuata zilikuwa ishirini na tano, kumi na sita, tisa, na ufito ule ukawaka kwa kila moja, hafifu lakini unawaka, kama mtoto anayetii kwa kuwa ameonyeshwa fimbo. Nilipofika mbele nilikuwa nimeshaanza kujiuliza tena. Huenda gunia lilikuwa linabembea, mizani ikasoma kumi kwanza. Mizani hufanya hivyo. Huenda ufito hauna neno.

Usiku huo ndio niliolala chali.

Nilichojua asubuhi hakikuwa zaidi ya nilichojua usiku. Sikupata ushahidi wowote. Nilipata tu uchovu, na katika uchovu ule nikaona jambo moja ambalo halikuhitaji ushahidi. Kama niko sahihi, karani anafukuzwa. Kama nimekosea, mimi ninachekwa. Nilikuwa nimeyapima haya mawili siku nyingi kana kwamba yana uzito sawa.

Hata hivyo sikuutengeneza ubao, wala sikumwambia mtu. Nilingoja hadi siku ya wageni ifike, nikitumaini mvua ya mawe, au lori kuharibika njiani, au kitu kingine chochote kitakachoamua kwa niaba yangu. Siku ikafika na jua lake.

Wakurugenzi walikuja kwa magari mawili. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Walikubaliana kwamba gunia letu litatangulia, kwa heshima ya chombo, na nikalibeba mimi, nikiyasikia majani yakipumua joto mgongoni. Wachumaji walikuwa wamepangana mbali kwenye kivuli. Karani alikuwa amenyoa ndevu. Mke wake alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, amesimama pembeni ya banda, akitabasamu.

Nikatundika gunia. Kabla mizani haijatulia nilipita nyuma ya karani, nikanyoosha mkono juu, nikavuta waya wa betri. Ubao ukazimika.

Kisha mama akaniuliza, kwa sauti ya chini, nimefanya nini.

"Mama, hii inadanganya," nikasema. "Ikiwa nane inaweza kuonyesha sifuri. Wiki iliyopita karani alisoma sawa. Ubao ndio ulikosea."

Sauti yangu ilitoka nyembamba na haikufika kwenye kivuli. Nilijua haikufika. Ikabidi niiseme tena, nikiwaelekea wao, na mara ya pili ikawa mbaya zaidi kwa sababu ilivunjika katikati. Mkurugenzi mmoja alitazama saa yake. Mama alitazama chini. Waya ulikuwa bado mkononi mwangu na sikujua niuweke wapi.

Karani ndiye pekee aliyekuwa akinitazama usoni. Aliutazama ubao juu yake, ambao bila shaka hakuwahi kuutazama kwa makini, akalitazama gunia la Kogo kwenye foleni, na nikaona jambo lenyewe linamwingia akilini taratibu. Akageukia mizani.

"Ishirini na moja, nukta tatu," akasema kwa sauti.

Haikuwa na nane. Ubao ungeisoma sawasawa, na hakuna mtu ambaye angejua lolote siku ile. Nililifikiria hilo hapo hapo, nikiwa nimesimama, na nikajua nitalifikiria kwa muda mrefu. Lakini nikainama, nikakisoma kidirisha kwa macho yangu mwenyewe.

"Ishirini na moja, nukta tatu," nikaitikia.

Mtu wa pili alipaswa kuitikia. Foleni ilikuwa mbali, na kwa muda ilionekana hakuna atakayekuja. Kisha Kogo akatoka kivulini akiburuta gunia lake, akafika, akaniegemea begani kwa mkono wote ili ainame, akasoma polepole, tarakimu moja moja, akairudia nambari yetu.

Nikashusha gunia, nikalitundika la kwake.